Raha ya Ghuba na Haki ya Jirani

Katika masuala yanayofaa kuzungumzwa barazani ni hili: mtu aliyejaaliwa kukaa kando ya bahari, raha aipatayo hapo ni starehe yake peke yake, au ni amana yenye haki za watu wengine ndani yake? Baadhi ya watu hudhani kuwa suala hili ni jepesi, kwani upepo hauna mwenyewe na mawimbi hayalipiwi kodi. Lakini mwenye kulitazama vyema ataona kuwa uzito wake umo katika huko kutolipiwa.

Na tutwae mfano wa Ghuba ya Malindi, ambayo khabari zake ni mashuhuri tangu Vasco da Gama, Mreno, alipotia nanga hapo mwaka 1498 na kupata mwongozi wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mkaazi wa mji ule ana saa kubwa mbele ya macho yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Na mvuvi, na mchukuzi, na mama auzaye samaki, wote hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo. Bamvua likija, maji hupwa mbali na watu huenda miambani kusaka pweza. Kaskazi ikivuma, joto la Januari hupoa kwa upepo wa alasiri. Na kusi ikishika, bahari huchafuka, vyombo vidogo hupumzika, na watu hukaa chini kushona nyavu. Jioni ikifika, tajiri na maskini huketi nje, na upepo unaowapepea ni mmoja.

Raha hizi zina sifa mbili ambazo ni nadra kukutana katika mali za dunia. Ya kwanza ni kuwa hazinunuliki. Ya pili ni kuwa mmoja akizifaidi hampunguzii mwenzake. Na kwa sababu ya sifa hizo, wengi wetu huzihesabu kama si kitu, wala hatujiulizi ni nani azilindaye.

Sasa tumtazame mtu wa pwani aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki, akapanga chumba Tassia, katika upande wa Embakasi. Tassia ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, ukuta kwa ukuta, na nguo zimeanikwa katika kila roshani. Huko maji ya mfereji yakikatika hununuliwa kwa madumu, na dirisha liingizalo upepo ni bahati ya mpangaji. Hatusemi haya kwa kuudharau mtaa ule. Wakaao humo ni watu wa kazi. Wamesomesha watoto na kuwatumia wazee wao pesa za matumizi, na upepo wa bahari, kwa utamu wake wote, haupiki chungu. Lakini mtu huyo hudhani kuwa ameiacha ghuba nyuma yake, na kwamba yeye na bahari hawana tena wanachodaiana. Na hapo ndipo tunapotofautiana naye.

Karibu na mtaa huo hupita mto Ngong, uanzao upande wa magharibi, ukapita Kibera, na viwandani, na Mukuru. Mto huo huungana na mto Nairobi, na mto Nairobi huingia katika Athi. Athi ukishaungana na Tsavo huitwa Galana, na Galana ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Na Sabaki humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Basi kitupwacho mtoni Tassia kimeanza safari ya kwenda Malindi. Aliyedhani ameihama ghuba, kumbe amehamia juu ya mfereji wake.

Mvua za vuli zikinyesha bara na kaskazi ikaanza kuvuma, maji ya Sabaki, mekundu kwa udongo, husukumwa kusini mpaka mbele ya mji wa Malindi. Udongo huo hudhuru matumbawe, nayo ndiyo makaazi ya samaki, hata katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968. Yatupasa tuseme haki: sehemu kubwa ya udongo huo hutoka katika mashamba na vilima vilivyokatwa miti, wala si Nairobi. Lakini udongo hauji peke yake. Maji machafu ya viwanda na ya mitaa, na mifuko, na chupa, navyo huingia katika njia ile ile.

Huenda msomaji akasema: mpangaji wa Tassia ana kosa gani? Gari la taka likikosa kuja, afanyeje? Na mwenye kiwanda amwagaye sumu usiku, yeye atamzuiaje? Twajibu kuwa lawama kubwa ni ya wenye mamlaka na wenye mali, kwani kila mtu huulizwa kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini udogo wa uwezo haufuti wajibu. Mfuko wa taka ulio mkononi mwake, huo ni wake. Na sauti yake katika kikao cha wapangaji, hiyo pia ni yake. Wanavyuoni wetu tangu zamani walizungumza juu ya haki za watu wanywao mto mmoja, kwamba aliye juu hana ruhusa ya kumharibia aliye chini. Hawakuweka sharti kwamba wawili hao wawe wanaonana.

Wala sisi wa pwani tusijione tumesalimika. Tuko wepesi wa kuwalaumu watu wa bara kwa maji machafu, na huku tunaziba njia za kushukia baharini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni mali ya umma. Mtu ana haki ya kuuza nyumba yake. Hana haki ya kuuza pamoja nayo njia aliyopita mvuvi na babu yake, kwa sababu njia hiyo ina fungu la mtoto asiyezaliwa bado, na la ndugu yetu aliyeko Tassia ambaye siku moja atarudi. Akirudi akakuta ukuta, tutamwambia nini?

Basi jawabu la suala letu ni kuwa raha ya ghuba ni halali kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo ni amana ya kila mtu. Aliye ufuoni aache njia wazi na aufagie mchanga ulio mbele yake. Aliye juu ya mto ayahifadhi maji yaendayo kwa nduguze. Jirani si yule tu mnayegawana naye ukuta. Na yule mnayegawana naye maji ni jirani vile vile, hata akiwa mbali nawe mwendo wa siku nyingi.