Uongo wa Wanaotupenda

Mimi si mhakiki wa filamu. Natazama usiku baada ya kazi, mara nyingi kwenye simu, na filamu ikinichosha nalala. Mwezi huu, bila kupanga, nimetazama tatu zinazozunguka swali moja: je, ni haki kumdanganya unayempenda ili asiumie? Nitasimulia hadi miisho, kwa hiyo asiyependa kusimuliwa mwisho akazitafute kwanza.

Ya kwanza ni *The Farewell* ya Lulu Wang, iliyotoka 2019. Bibi mmoja wa Changchun, China, ana saratani ya mapafu, na familia imeambiwa amebakiwa na miezi mitatu. Yeye haambiwi. Watoto na wajukuu waliotawanyika Marekani na Japani wanarudi kumuaga, na ili asishtuke kuwaona wote kwa mpigo, inabuniwa harusi ya mjukuu mmoja. Bibi mwenyewe ndiye anayeisimamia harusi hiyo kwa furaha, hadi kubishana na watu wa ukumbi kuhusu chakula. Majibu ya vipimo yanapelekwa duka la kuchapa yakabadilishwe. Hapo nilicheka, maana steshenari za mitaa yetu nazo hazishindwi na kazi kama hiyo.

Billi, mjukuu aliyekulia New York, anaona bibi anadhulumiwa. Ndugu wa baba yake anamjibu kwamba huko Magharibi mtu anadhani uhai ni wake peke yake, ilhali kwao uhai wa mmoja ni sehemu ya wote, na wajibu wa familia ni kumbebea mgonjwa ule mzigo wa kujua. Sisi tulio huku tunaweza kuitikia haraka: naam, hata kwetu ndivyo. Mimi sikuitikia. Nimewaona watu wakisema wanambebea mgonjwa mzigo, kumbe wanakimbia dakika ile moja ya kukaa kitandani pake na kutamka neno.

Kilichonigeuza ni jambo linalotajwa kwa kupita tu: bibi huyo naye alimficha marehemu mumewe vivyo hivyo. Basi utaratibu anaujua, ameuendesha kwa mikono yake, na hakuwahi kuwaambia wanawe kwamba yeye asifanyiwe. Ni kama upatu. Aliweka fungu lake zamani, sasa zamu imemfikia. Ukimdanganya mtu wa namna hiyo, je, umemwibia au umemlipa?

Mtoto hajaingia kwenye upatu wowote. Ndiyo maana *Supa Modo*, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilinisumbua zaidi, ingawa ndiyo fupi kuliko zote. Jo ana miaka tisa, anapenda filamu za mapigano na anamhusudu Jackie Chan. Ugonjwa wake hauna tiba tena, na mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitali amrudishe nyumbani. Mama anataka apumzike. Dada yake, Mwix, anaona kupumzika huko ni kumzika mtoto kabla hajafa, naye anakishawishi kijiji kizima kimfanye Jo aamini kwamba ana nguvu zisizo za kawaida.

Watazamaji wengi, nadhani, hulia na kumpenda Mwix. Nami nililia. Lakini mama ana hoja, na ni ya mtu aliyekuwapo tangu siku ya kwanza: siku zilizobaki ni chache, na kila saa ambayo Jo yuko nje akishangiliwa ni saa ambayo hayuko naye.

Hata hivyo uongo wa kijiji kile una tofauti na ule wa Changchun. Haumfichi Jo ugonjwa. Unaweka kitu kingine kando ya ugonjwa, kitu cha kufanya kesho asubuhi. Na unawagharimu waongo wenyewe: wanaacha shughuli zao, wanaigiza, hatimaye wanatengeneza filamu nzima. Uongo tuliouzoea zaidi hauna gharama hiyo. Unamlaza mgonjwa, unamfunika shuka na kumwambia asiwe na wasiwasi, kisha wanaojua wanatoka kwenda kunong'ona barazani.

Na je, aliyelazwa hajui? Hapo ndipo inapoingia filamu ya tatu, *Good Bye, Lenin!* ya Wolfgang Becker, ya mwaka 2003. Mama wa Berlin Mashariki anazimia mwaka 1989, anazinduka baada ya miezi minane, na nchi aliyoiamini inafutika huku yeye akiwa kitandani. Daktari anaonya kwamba mshtuko unaweza kumuua. Mwanawe Alex anaihifadhi nchi hiyo ndani ya chumba kimoja: anajaza achari mpya kwenye machupa ya zamani, na rafiki yake anatengeneza taarifa za habari za uongo. Ni kichekesho, na nilikuwa nacheka, mpaka mama anapoambiwa ukweli na mchumba wa Alex. Hamwambii mwanawe kwamba sasa anajua. Anatazama taarifa ya mwisho ya uongo, huku macho yake yakimwendea mwanawe badala ya televisheni. Anakufa, na Alex anabaki akiamini kwamba mama yake hakujua kitu.

Tazama nani anamlinda nani sasa. Mgonjwa, juu ya ugonjwa wake, amepewa kazi ya kujifanya hajui. Ndilo jambo ninaloliogopa katika nyumba zetu. Mgonjwa anasoma nyuso za wanaokuja kumjulia hali, anaona ndugu wa mbali waliopanda basi ghafla, anajua. Lakini hawezi kusema shamba agawiwe nani, wala kumwomba msamaha aliyemkosea, kwa sababu kusema hivyo ni kuwavunjia watu igizo lao.

Tunao pia uongo wa simu. Mtu yuko masomoni mkoa wa mbali, mama yake anafariki usiku, na shangazi anapiga: "Njoo nyumbani, mama anaumwa kidogo." Sababu yake ni njema. Safari ya saa tisa kwenye basi, peke yako, ukiwa na habari ile, si jambo la kumtakia mtu. Lakini Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797 iliyochekwa sana, alikataa kumdanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako, kwa hoja kwamba kila uongo unadhoofisha neno la kila mtu. Kuhusu muuaji simfuati. Kuhusu shangazi, lazima nimsikilize. Binamu yangu aliitwa namna hiyo kwa baba yake. Miaka mitatu baadaye aliambiwa tena kwamba mama yake anaumwa kidogo, na mama alikuwa kweli anaumwa kidogo, malaria tu. Alilia njia nzima. Katika familia yetu maneno "anaumwa kidogo" hayana tena mtu wa kuyaamini.

Juzi niliwauliza wazazi wangu, kila mmoja kwa wakati wake, kama wangetaka kuambiwa. Mama alisema, "Mimi niambieni. Baba yenu msimwambie, hataweza." Baba alifikiri kidogo, akaniuliza kwanza kama mama yuko jikoni, kisha akasema yeye aambiwe, ila mama afichwe.