Kula kwa Ilimu: Neno kwa Wenye Maradhi ya Sukari na Wenye Kuwalisha

Himdi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatukataza israfu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na Aali zake na Masahaba wake. Ama baada ya haya:

Miaka michache iliyopita tulihudhuria karamu ya arusi hapa mjini. Tulikaa sinia moja na mzee ambaye sote twamheshimu kwa umri wake na kwa kudumu kwake katika safu ya kwanza. Mzee huyo ana maradhi ya sukari. Alikula matonge matatu ya pilau na kipande cha nyama, kisha akavuta mkono wake. Sisi tukamwambia: "Kula, mzee wetu, sema Bismillahi. Chakula cha walima kina baraka, hakimdhuru mtu." Aliona haya kumrudishia maneno mtu amwitaye sheikh, akarejesha mkono siniani. Ilipoletwa halwa, na halwa pia tulimsogezea.

Leo mzee huyo ana mguu mmoja. Hatusemi kwamba sinia moja ndiyo iliyomkata mguu, kwani maradhi haya hula mwili polepole kwa miaka mingi. Lakini tulipokwenda kumzuru alitwambia neno lililotuchoma: kwamba tangu siku ile, kila watu wa nyumbani mwake walipomkataza, aliwajibu kuwa sheikh amesema hakidhuru. Basi neno letu, tulilolisema kwa mzaha na ukarimu, yeye alilichukua kuwa fatwa.

Hapo tukakikumbuka kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamjibu kuwa hawamwoni na ruhusa madamu aweza kutumia maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika mno, akawabebesha mauti ya mtu yule, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Wale hawakuwa na nia mbaya, wala nasi hatukuwa nayo. Lakini nia njema haikumponya mwenye jeraha.

Kwa hivyo twaandika haya kwanza kwa kujilaumu nafsi zetu, kisha kwa kuwatanabahisha ndugu zetu. Ilimu ya chakula, kwa mwenye maradhi haya na kwa mwenye kumpikia, ni ilimu ya kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu.

Ujinga wa kwanza ulioenea katika miji yetu ni kudhani kuwa sukari ni ile iliyomo kikombeni tu. Utamwona mtu anywa chai kavu isiyo na sukari, na watu wamsifu kwa subira yake, kisha ala mahamri manne kwa mbaazi. Mchana ala sahani ya wali wa nazi iliyojaa, na usiku boflo na viazi. Huyu ameufunga mlango na kuliacha dirisha wazi. Wali, sima, muhogo, chapati, boflo, viazi na tambi vina wanga, na mwili huugeuza wanga kuwa sukari. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kadiri ya gramu 45 za wanga, na kijiko kidogo cha sukari ni kadiri ya gramu 4. Hebu na tupige hesabu: aliyeacha vijiko viwili vya sukari katika chai, kisha akala vikombe vitatu vya wali, ameacha gramu 8 akachukua gramu 135!

Hatusemi wali ni haramu kwake. La! Hayo nayo yangekuwa ni kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Twasema ni kipimo. Na aigawe sahani yake: nusu iwe mboga, kama mchicha, bamia, kabeji au mabilingani, robo iwe samaki, kuku, au kunde na pojo, na robo iliyobaki ndiyo iwe wali au sima. Tunda alile zima kwa kiasi, kwani sharbati ya maembe matatu si sawa na kipande cha embe. Na soda aiache. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Nani katika sisi akumbukaye fungu la pumzi sinia inapowekwa mbele yake?

Ujinga wa pili ni kudhani kuwa kitu kilichosifiwa katika dini hakiwezi kumdhuru mgonjwa. Asali imetajwa katika Sura ya An-Nahli kuwa ndani yake mna shifaa, nasi twaamini hivyo pasi na shaka. Lakini wafasiri wametanabahisha kwamba kuwamo shifaa ndani yake si kusema kuwa ni dawa ya kila maradhi kwa kila mtu. Asali ni tamu, nayo hupandisha sukari ya damu. Tende vilevile: kufuturu kwa tende ni sunna, na sunna hiyo hupatikana kwa tende moja na maji. Mwenye kula tende kumi akasema "nafuata sunna," huyo afuata tumbo lake.

Ujinga wa tatu ni kuitupa dawa kwa jina la tawakkul. Wapo wanaoacha vidonge au sindano zao wakanywa kombe, wakasema Mungu atosha. Ndugu yetu, muombe Mwenyezi Mungu, jisomee Qurani, kwani dua ni ibada. Lakini Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu, na amefunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi illa ameyateremshia dawa. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1231, aliandika risala juu ya maradhi haya, wala hakumwona mwenye kuyatibu kuwa amepunguza imani. Insulini ilipatikana mjini Toronto mwaka 1921, na tangu mwaka 1922 imewarudishia uhai watu waliokuwa wakingojea mauti. Mwenye kuishukuru neema huitumia.

Na mwenye kutumia dawa asidhani kuwa amepata ruhusa ya kula apendavyo. Tena ajue kuwa sukari huweza pia kushuka mno, khasa akichoma sindano au akimeza baadhi ya vidonge kisha asile. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa. Saa hiyo sukari ndiyo dawa: apewe upesi vijiko vidogo vitatu au vine vya sukari katika maji, na baada ya robo saa apimwe tena. Ikiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Tumesikia ya mke aliyemnyima mumewe sukari katika hali hiyo kwa kumhurumia, kwa kuwa alijua neno moja tu: kwamba sukari ni adui yake. Ilimu nusu nayo huua.

Ama Ramadhani, hapo ndipo taabu huzidi. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, katika Sura ya Al-Baqara, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupoa hulisha maskini kwa kila siku. Aliyekatazwa kufunga na tabibu mjuzi mwaminifu, kisha akafunga kwa kuwaonea watu haya, hana sifa katika hilo. Na aliyeruhusiwa, na apime damu yake mchana. Kutoa tone la damu ya kupimia hakufunguzi, wala sindano isiyo ya kulisha haifunguzi. Ndivyo ilivyoamua Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika mkutano wake wa Jidda mwaka 1997. Matabibu husema ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo. Na magharibi ikiingia, asiifanye futari kuwa ni kulipiza kisasi cha mchana kwa kaimati, viazi vya nazi, tambi za sukari na sharbati kwa pamoja.

Tumebakiwa na neno kwa wenye kulisha. Enyi mama zetu na dada zetu, mwenye maradhi haya asipikiwe chungu chake peke yake kama aliyetengwa. Chakula kimfaacho yeye chawafaa watoto pia. Enyi wenye karamu, maulidi na hitima, wekeni mboga, samaki na maji penye pilau na halwa, na mtu akivuta mkono wake msimshurutishe. Ukarimu ni kumpa mgeni kitakachomfaa. Nanyi maimamu na wasomi wenzetu, tuogope kutoa fatwa juu ya miili ya watu tusiyoijua. Tukiulizwa tuseme, "Muulize daktari wako." Neno hilo halitupunguzii kitu.

Na wewe uliye mzima, ukiona kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara au jeraha lisilopoa, nenda ukapimwe. Usingoje mguu ufe ganzi.

Sisi tulikwenda kwa mzee wetu tukamwomba radhi. Alitusamehe, akacheka, akasema: "Sasa liandike, sheikh, ili walisome waliosikia lile la kwanza." Basi ndilo hili tumeliandika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atuzidishie ilimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyasema bila ya kujua. Amin. Wabillahi taufiq.