Neno "Tayari"

Kitu kikiwaka na kufanya kazi, je, hiyo inatosha kukiita tayari?

Hapa Buyenzi, Bujumbura, ninafundisha vijana wakimbizi kompyuta. Jumamosi moja nilipiga upya Windows 10 kwenye mashine ya zamani. Flashi yangu ilikuwa na toleo la 2019, basi kompyuta ikaanza kutafuta apudeti za miaka yote iliyopita. Asilimia 20, halafu kimya. Diski kuukuu, intaneti ya kununua mega kwa mega, na mlangoni vijana sita wanangoja.

Nikazisimamisha apudeti. Nikasema, "Tayari, ingieni."

Wiki iliyofuata dada mmoja wa kutoka Uvira akaniita: "Yaya, barua yangu iko wapi?" Flashi ya mtu ilikuwa imeleta virusi. Barua yake ya kuomba nafasi ya masomo, kurasa mbili alizoandika kwa kidole kimoja, haikufunguka tena.

Labda hata apudeti zisingevizuia virusi vile. Nimejitetea hivyo usiku mwingi. Lakini kosa langu haliko hapo. Yeye aliamini neno "tayari", na mimi nilijua kazi haijaisha. Ningemwambia, angeweka nakala kwenye simu. Nilimnyima nafasi ya kuamua mwenyewe.

Siku hizi naanza na flashi yenye toleo jipya, maana apudeti kubwa ya mwezi hubeba na zile zilizotangulia. Umeme ukiwepo, naiacha mashine iwake usiku. Nawasha pia ile sehemu inayoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kupeana apudeti, ili tusilipie mega zilezile mara sita. Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu nyingi haziwezi kubeba Windows 11, naandika ubaoni: "Hii haijakamilika. Weka nakala pengine."

Wazee husema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, ila kungoja bila kuambiwa kitu nako hakuna baraka. Sisi wakimbizi foleni tunaijua. Kinachotuumiza ni kuambiwa "yenu imekwisha", kumbe faili bado liko mezani.

Kwa hiyo ndugu zangu, nanyi mnaotuhudumia: kama tumefika asilimia 20, tuambieni ni 20. Tutangoja.