Kazi ya Nyumbani: Ni Deni au Ni Hisani?

Mwanamume wa mjini kwetu akiulizwa siku yake ya mapumziko aliipitisha vipi, hujibu kuwa hakufanya neno, alikuwako nyumbani tu. Husema kweli, kwani yeye hakufanya neno. Lakini siku ile haikupita tupu. Kabla ya jua kupanda, maji yalikwisha nunuliwa kwa mwenye mkokoteni yakajazwa pipani, mahamri yalikwisha kaangwa na mbaazi kuungwa kwa tui. Kisha nyumba ikafagiwa, watoto wakaogeshwa, nguo zikafuliwa. Na ilipoadhiniwa adhuhuri nazi ilikuwa yakunwa juu ya mbuzi kwa ajili ya wali. Yote hayo yalitendeka mbele ya macho ya bwana huyo, naye hakuyaona. Chakula kilipochelewa kidogo, hapo ndipo alipoona.

Basi twauliza suala lisilosikika sana barazani: kazi hiyo ya kila siku, mke anadaiwa, au anatoa? Huenda msomaji akasema kuwa wali ni wali, uwe wa deni au wa hisani. Hatukubali. Mwenye kupokea deni lake ana haki ya kulidai likichelewa. Lakini mwenye kupewa tunu, kisha akaidai kwa ukali, huwa amemdhulumu aliyempa.

Wengi wa Waislamu wa pwani yetu ni wafuasi wa Imamu Shafi. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kijulikanacho sana katika darasa zetu, mna maelezo ya masurufu ya mke. Mume mwenye nafasi yampasa kutoa mudi mbili za nafaka kila siku, wa kati mudi moja na nusu, na dhaifu mudi moja. Wala hakuishia hapo: kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa gharama ya kuisaga nafaka hiyo na kuioka pia ni juu ya mume. Na mke ambaye kwao alikuwa mwenye kutumikiwa, mumewe humlazimu kumpatia mtumishi. Maulamaa wa madhehebu yetu wamebainisha kuwa kupika, kufua na kufagia si wajibu juu ya mke. Wako wayasomao haya kwa ustadhi, wakayahifadhi, kisha wakafunika kitabu wakaenda nyumbani kuuliza mbona chai imepoa.

Kwa insafu yatupasa kusema kuwa si maulamaa wote wenye kauli hii. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameona kuwa mke humpasa kumtumikia mumewe kwa mujibu wa ada ya watu. Alishika habari ya Bibi Fatma, ambaye mikono yake iliumia kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa babake Mtume (s.a.w.) kutaka mtumishi, Mtume akawafundisha, yeye na Sayyidna Ali, tasbihi, tahmidi na takbiri za wakati wa kulala. Hakumwambia Ali, asema mwanazuoni huyo, kuwa kazi ile haimlazimu mkewe. Ni hoja yenye uzito. Washafii hujibu kuwa yale yalikuwa ni wema wa tabia na kujitolea, wala si hukumu, nasi twaelekea kwenye jawabu hili.

Wako wanaotwambia: haya ni kweli, lakini msiyaseme mbele ya wanawake, nyumba zitavunjika. Maneno ya ajabu! Nyumba isimamayo kwa kuwa mmoja wa wenyewe hajui haki yake, imesimama juu ya msingi gani? Na elimu ya dini tangu lini ikawa ni siri ya wanaume? Sisi tulivyoona ni kuwa mwanamke akijua kuwa kazi yake ni hisani haachi kupika. Huendelea, ila hupika bila ya khofu. Anayekhofu ni mume, kwani amezoea kudai na sasa itambidi aombe.

Bibi Aisha aliulizwa Bwana Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Jawabu yake imo katika Sahihi ya Bukhari: alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mapokezi mengine yataja kuwa alishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Wale wanaopima kanzu isipite vifundo vya miguu, sunna hii hatujawaona wakiipima.

Mwenye uwezo na aajiri wa kumsaidia mkewe, na amlipe ujira wake kwa wakati. Asiye na uwezo, mbuzi ya nazi iko jikoni, na kuikalia hakuhitaji ijaza ya sheikh yeyote. Na akiona haya jirani asije akamwona, madirisha yana vipingo.