Mjinga Pia ni Jina

Shemeji yangu huchuma chai upande wa Bomet na hulipwa kwa kilo. Siku atakayompeleka mwanawe kufanyiwa tathmini, hatalipwa. Mtoto ana miaka 10. Akisimulia hadithi, wazee wananyamaza wamsikilize. Mwekee kitabu mbele, herufi zinamkimbia. Babake hataki tathmini. "Akishaandikwa, ameandikwa," anasema.

Anaogopa jina. Lakini kwani sasa hana? Darasani ni mjinga, nyumbani ni mvivu. Hayo nayo ni matokeo ya uchunguzi, ila waliochunguza hawana ujuzi, na hakuna pa kukata rufaa. Mimi tofauti naiona kwenye deni. "Mjinga" humdai mtoto: jikaze! "Disleksia" inatudai sisi wengine: mwalimu amsomee swali kwa sauti, amwongezee muda wa mtihani.

Kenya ilianzisha vituo vya tathmini ya elimu, EARC, mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. KISE, inayofunza walimu wa elimu maalum, ikafuata 1986. Si kwamba hatujui la kufanya.

Hata hivyo hofu ya yule baba si upuuzi, maanake deni linaweza kukaa bila kulipwa. Watoto 60, mwalimu mmoja, ripoti imelala kwenye droo: hapo mtoto amepata jina jipya tu, na mamake amepoteza kilo za siku nzima.

Bado ningempeleka. Ripoti angalau unaishika mkononi, unaingia nayo kwa mwalimu mkuu, unauliza mbona.