Gari la Yau-Man

Mahubiri dhidi ya mashindano ya runinga barani Afrika yamekuwa, kwa sehemu kubwa, mahubiri kuhusu bafu. Big Brother Africa ilipoanza mwaka 2003, wabunge wa Malawi walitaka televisheni ya taifa iache kuirusha kwa kuwa inapotosha maadili. Kilichowaudhi ni miili isiyo na nguo na mapenzi ya hadharani, na baadaye mahakama ikaliondoa zuio lao. Lawama za namna hiyo zimerudiwa mara nyingi tangu hapo, lakini ni chache zilizogusa jambo ambalo mtu wa dini angepaswa kuanza nalo: kwamba katika mashindano haya watu huahidiana, hugeukana, kisha mmoja wao hulipwa pesa nyingi. Aibu ya mwili huonekana mara moja, hata mtoto anaifahamu. Swali la ahadi ni gumu zaidi. Mtu anayevunja neno lake ndani ya mchezo amekosa mbele ya Mungu na mbele ya mwenzake, au mchezo wenyewe umemfutia deni?

Kisa kinachofaa kulipimia swali hili kilitokea Fiji, katika awamu ya shindano la Kimarekani la Survivor iliyorushwa mwaka 2007. Washiriki wa Survivor hukaa mahali pa mbali, wakati huo kwa siku 39, wakila kidogo na kulala vibaya, na kila baada ya siku chache hukutana barazani usiku kumpigia mwenzao kura ya kumtoa. Anayeshinda kinga hawezi kutolewa usiku huo. Wachache wanaobaki mwishoni hupigiwa kura na baadhi ya wale waliotolewa, na mshindi huchukua dola milioni 1. Yau-Man Chan, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa na miaka zaidi ya 50, alishinda pikapu mpya. Akampa Dreamz Herd, kijana aliyewahi kuishi bila makazi, kwa sharti moja: wakifika wote wanne bora na Dreamz akapata kinga, amkabidhi yeye. Dreamz akakubali na gari likawa lake. Wakafika wanne bora, Dreamz akashinda kinga, akabaki nayo, na usiku huohuo Yau-Man akatolewa. Katika kura ya mwisho, Earl Cole alizoa kura zote 9.

Watu hukimbilia majibu mawili. La kwanza ni kwamba ni mchezo tu, na anayeingia asilie. La pili ni kwamba uongo ni uongo popote unaposemwa. Yote mawili ni ya haraka mno, na wanazuoni wa dini zetu mbili kubwa wangetuambia hivyo bila kuwahi kuona runinga. Waliulizwa swali lililo zito kuliko hili: je, hila inaruhusiwa vitani, penye roho za watu? Imamu Nawawi, akiifafanua Hadithi ya Mtume kwamba vita ni hadaa, anasema wanazuoni wameafikiana kuwa kumhadaa adui inafaa, ila pale hadaa inapovunja mkataba au amani aliyopewa mtu. Thomas Aquinas, katika Ulaya ya karne ya 13, alifikia karibu mahali palepale kwa njia nyingine. Kuvizia na kuficha mipango si dhambi, alisema, kwa sababu hakuna anayelazimika kumfunulia adui moyo wake, lakini kumdanganya kwa neno au kwa ahadi iliyovunjwa ni haramu daima. Aquinas ni mkali zaidi, maana hamruhusu askari hata uongo wa mdomo. Wote wawili, hata hivyo, wanaukataa msemo kwamba ukishavuka mpaka wa uwanja wa vita kila kitu ni halali. Kama vita havifuti mkataba, sioni jinsi kipindi cha runinga kitakavyoufuta.

Lakini mpaka uko wapi hasa? Mchezaji wa mpira anayejifanya anakwenda kulia kisha akapita kushoto hajamdhulumu beki. Chenga ni sehemu ya kile ambacho beki alikuja kukizuia, na kesho atapiga yeye. Vivyo hivyo mshiriki anayeficha kura yake, au anayemwacha mwenzake aamini kwamba kundi lao ni imara kumbe limeshavunjika. Mambo yanabadilika pale mchezaji anapoingiza uwanjani kitu ambacho mchezo haukukitengeneza, akakitumia kama dhamana. Mwaka 2003, huko Pearl Islands, Jon Dalton alipanga na rafiki yake kwamba siku ya kutembelewa na jamaa amletee habari za kifo cha bibi yake. Wenzake waliokuwa na hamu ya kuwaona ndugu zao walimwachia zawadi ya siku ile kwa huruma. Bibi alikuwa mzima. Miaka 6 baadaye, huko Samoa, Russell Hantz aliwasimulia wenzake kwamba alikuwa zimamoto wakati wa kimbunga Katrina na kwamba alimpoteza mbwa wake humo. Ilikuwa hadithi ya kutunga, juu ya maafa yaliyoua zaidi ya watu elfu moja. Rambirambi haikutungwa na waandaaji wa Survivor. Ni amana ambayo watu wote wanaichangia, na anayeichota kwa ajili ya kura anaipunguza hata kwa wafiwa wa kweli.

Gari la Yau-Man liko upande huu wa mpaka. Kinga ni kitu cha mchezo na haina thamani nje ya baraza. Pikapu ilikuwa mali halisi, iliyopokewa kama malipo ya awali, na aliyeipokea aliondoka nayo. Hapa mtetezi wa Dreamz atasema kuwa Yau-Man alijua alikuwa wapi, na kwa kuingia shindanoni aliridhia kudanganywa. Hoja hii ina nguvu na ndiyo inayorudiwa zaidi, lakini inajikata yenyewe. Kama kweli kila mtu angechukulia kwamba neno la mchezaji halina uzito, hakuna ambaye angetoa gari kwa neno. Dreamz alilipata kwa sababu ahadi yake ilieleweka kuwa si sehemu ya chenga, na utetezi wa baadaye kwamba yote ni mchezo unakana jambo lilelile lililomnufaisha. Katika Sahihi Muslim imo Hadithi inayosema kwamba kiapo hufuata nia ya yule aliyekitaka. Ninavyoielewa, maana yake ni kwamba huwezi kumpa mtu neno analolielewa kwa namna moja, ukajiwekea moyoni maana ya pili ya kukuokoa. Hadithi hiyo inahusu viapo, nami sidai kwamba kila ahadi ya kisiwani ni kiapo, ila mantiki yake inaifikia biashara ya gari bila kulazimishwa.

Pingamizi la pili ni la kimatokeo: mbona wadanganyifu hushinda? Mfano unaotajwa siku zote ni Richard Hatch, mshindi wa kwanza wa mwaka 2000, aliyepanga njama mchana kweupe na kumshinda Kelly Wiglesworth kwa kura 4 kwa 3. Sitaki kuifanya kura ile kuwa hukumu ya haki, kwa sababu mmoja wa wapiga kura aliwataka wawili hao wataje namba, akamchagua aliyeikaribia. Hata hivyo Hatch ni shahidi mbaya kwa wanaomwita. Alikuwa mjanja bila kujificha, lakini katika pambano la mwisho la kinga alishuka kwa hiari yake ili asiwe yeye wa kumtoa Rudy Boesch, mzee aliyekuwa amefungamana naye tangu mwanzo, na kura ya Rudy akaipata. Sue Hawk, aliyetoa hotuba kali kuliko zote usiku ule, aliwalaani wote wawili, lakini hasira yake nzito ilimwendea Kelly, aliyekuwa rafiki yake. Wapiga kura hawa hawakuwa wanafalsafa, nao walikuwa na njaa, lakini walizitofautisha hila na usaliti. Na hata kama wasingezitofautisha, ushindi hauthibitishi uhalali. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Kuna pingamizi la tatu, la umaskini wa Dreamz, nalo linastahili heshima kuliko hayo mengine. Dola milioni 1 kwa aliyelala nje si kitu cha kuhubiriwa na mtu aliyeshiba. Dhiki inapunguza lawama, naam. Lakini haihamishi umiliki: angeweza kuikataa ile biashara ya gari tangu mwanzo na kubaki huru kupigania pesa hizo kwa hila zote za mchezo.

Kipimo hiki hakimwelemei mdanganyifu peke yake. Kinatusaidia pia kuwaelewa wanaochekwa kwa wema wao. Mwaka 2008, huko Micronesia, Erik Reichenbach aliitoa kinga yake akampa Natalie Bolton, akatolewa palepale, na mpaka leo watazamaji wanamtaja kama mjinga wa kupigiwa mfano. Wanasahau alichoambiwa: kwamba amewageuka wenzake na kwamba kuitoa kinga ndiyo njia ya kujisafisha. Aliuziwa toba. Wanawake waliomwuzia walicheka, mmoja wao, Parvati Shallow, akashinda, na kwa maoni yangu lugha ile ya kusafishwa ndiyo sehemu chafu ya mbinu yao, wala si kura yenyewe. Miaka 3 kabla, huko Palau, Ian Rosenberger alikaa karibu saa 12 juu ya boya baharini akishindania kinga na Tom Westman, rafiki aliyekuwa amemkosea. Mwishowe alishuka kwa hiari, akamwambia Tom amchukue Katie Gallagher fainali badala yake, ili yeye arudishiwe heshima yake. Wengi huwaweka Erik na Ian katika kapu moja la makosa. Lakini Ian hakushawishiwa na aliyekuwa akimcheka, na alichotaka kukirudisha ni urafiki, kitu ambacho mchezo haukuwa na uwezo wa kukitoa. Tunaweza kubishana kama bei ilikuwa kubwa mno, na nadhani ilikuwa kubwa, kwa maana kosa lake kwa Tom halikufikia nafasi ya fainali. Tom alilikubali pendekezo, akamtoa Ian na akaenda fainali na Katie kama walivyopatana, kisha akashinda kwa kura 6 kwa 1.