Kujivua Nafsi: Ni Kipi Kinachovuliwa?

Wametuuliza baadhi ya vijana wanaohudhuria darsa zetu khabari ya neno fanaa, ambalo wengine wamelikuta katika vitabu vya Masufii, na wengine wamelisikia midomoni mwa watu tu. Wasema: je, ni kweli kuwa mtu aweza kuabudu hata akatoweka, asibakie yeye wala jina lake? Na ikiwa aweza, je, ni jambo linalotakiwa katika dini yetu? Mmoja wao akaongeza swali ambalo kwetu sisi ndilo zito kuliko yote: mtu aliyefika hapo, mkewe atamdai nani chakula na nguo?

Twaanza na lililo jepesi. Yapita sana maneno kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tufe kabla ya kufa. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, naye ni mwenye kusikizwa katika elimu hiyo, amesema kuwa hadithi hiyo haikuthibiti. Ni maneno ya Masufii. Hatusemi kuwa maana yake ni mbaya. Twasema asisingiziwe Mtume jambo asilolinena.

Ama fanaa yenyewe, wazee wa njia hiyo hawakuwa na kauli moja juu yake. Abu Yazid wa Bistam, aliyeishi katika karne ya tatu ya Hijra, alipozama katika ibada yalimtoka maneno ambayo wafuasi wake wenyewe walitaabika kuyapatia udhuru. Al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na watu wangali wakigombana juu yake hata leo, nasi hatutaingia humo. Lakini al-Junayd, aliyekufa Baghdad mwaka 910, hakuridhika na mtu kubaki katika ulevi huo. Kwake yeye fanaa ni mahali pa kupita, na baada yake kuna kubaki: mtu arejeshewe akili zake, ajue wakati wa sala na bei ya nguo. Na huyu hakuwa mtu wa pangoni. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na fiqhi aliisoma kwa Abu Thawr.

Wengi wa wenzetu wadhani kuwa Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 1328, alilikanusha neno hili lote. Sivyo. Yeye aliligawa mafungu matatu. La kwanza ni mtu kutoweka matakwa yake mbele ya matakwa ya Mola wake, asipende ila alilolipenda Yeye. Na hilo alilisifu, akalihesabu kuwa ni daraja ya Mitume na mawalii wakamilifu. La pili ni mtu kughibu asione kingine, mfano wa mama anayemtafuta mwanawe aliyempotea sokoni, aitwa jina lake asisikie. Huyo ana udhuru, lakini hali yake ni upungufu wala si ukamilifu, kwani Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka Miiraji na akili zake timamu, akawahadithia watu aliyoyaona. La tatu ni mtu kudai kwamba hakuna kilichopo ila Mungu, na kwamba mja na Mola ni kitu kimoja. Hilo alilikataa kabisa, nasi twalikataa.

Fungu hili la tatu ndipo walipo wengine nje ya dini yetu, na si vyema kuwazulia. Katika Wahindu, Shankara na waliomfuata wafundisha kuwa nafsi ya mtu, ikiondolewa ujinga, ni ile ile ya Brahman. Budha yeye alikwenda upande mwingine. Alisema kuwa mwili, hisia, utambuzi, mielekeo na fahamu, hakuna hata kimoja katika hivyo vitano ambacho mtu aweza kusema: hiki ndicho mimi. Na katika Wakristo alikuwako Meister Eckhart, Mjerumani, aliyewataka watu wajiachilie hata wasiwe na lao. Naye alipokwisha kufa, Papa Yohana wa 22 alitoa hukumu mwaka 1329 juu ya kauli 28 zilizotajwa kuwa zake. Twaona basi kwamba kila kaumu ina watu waliouchoka umimi wao. Hilo si la kuchekwa. Anayesimama usiku akajiona jinsi moyo wake ulivyojaa yeye mwenyewe, atawafahamu. Tofauti yetu na wao ni kwamba sisi twaamini kutakuwa na Hesabu, na Hesabu yataka mtu wa kuulizwa. Mabudha nao wanayo malipo ya vitendo, na maulamaa wao wamefikiri sana ni nani atakayelipwa ikiwa hakuna nafsi. Wao hujibu kuwa si yule yule wala si mwingine. Sisi jibu hilo halitutoshi.

Basi ni kipi kinachovuliwa? Mfano ulio wazi kwetu ni wa Imam al-Ghazali. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kusomesha katika Nidhamiyya ya Baghdad, na mwenyewe ataja kuwa wanafunzi wake walikuwa 300. Akaichungua nia yake katika kusomesha, akaona kuwa kimsukumacho ni cheo na kuenea sifa. Miezi ikapita yuataka kuondoka na yuashindwa, hata ulimi ukamfunga, akawa hawezi kusomesha, wala chakula hakimpiti. Mwaka 1095 akatoka. Akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na kiasi cha chakula cha watoto. (Wenye haraka ya kuacha dunia aghalabu huruka maneno haya.) Alikwenda Sham akajifungia katika mnara wa msikiti wa Dimishki, kisha Baitul Muqaddas, kisha Hija. Na hapo, anasema, wito wa wanawe ukamvuta kurudi kwao.

Tutazame alichokiacha na asichokiacha. Aliacha kiti, na heshima ya watawala, na kuashiriwa kwa vidole. Hakuacha kuwa baba. Na mwaka 1106 alipotakiwa kusomesha tena, huko Nisabur, alikubali; akasema kuwa hata akirudi, hakurudi, kwani zamani alifundisha elimu inayochuma cheo, na sasa afundisha ile inayokiacha. Mtu ni yule yule, kazi ni ile ile. Aliyekufa ni yule mtaka sifa.

Wala Uislamu haukumtaka mtu apoteze jina lake. Zaid bin Haritha alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad, na ni utukufu gani upitao huo? Iliposhuka aya ya 5 ya Suratul-Ahzab akarejeshewa baba yake. Bilal alibaki akijulikana kwa Uhabeshi wake na Suhaib kwa Urumi wake, hapana aliyewataka wausahau. Aya ya 13 ya Suratul-Hujurat yatufahamisha kuwa makabila yamewekwa kwa ajili ya kujuana. Anayetembea na nasaba yake kama bakora ya kuwapigia wengine, huyo ndiye mwenye la kuvua, na katika miji yetu ya pwani hawakosekani.

Lakini liko lingine baya zaidi, nalo huvaa nguo za unyenyekevu. Muridi huambiwa awe mbele ya sheikh wake kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Ikiwa muradi ni adabu ya mwanafunzi, hatuna neno. Ikiwa muradi ni kuwa asiulize dalili, na amri ya sheikh itangulie haki ya mke na mzazi, basi huyu hakuiacha nafsi yake kwa Mungu. Ameihamisha kwa mtu, na yule mtu nafsi yake imenenepa kwa mbili.

Na kwa yule kijana aliyeuliza: mke atamdai mumewe, na deni lile ni lake hata akikaa khalwa miaka kumi. Kadhalika mwenye kupotewa na fahamu katika dhikri, akizindukana, kwa madhehebu yetu ya Shafi'i udhu wake umevunjika, naye hana budi kutawadha tena kabla ya kusali.